Usaha hausubiri sukari ishuke

Novemba 2019, jioni moja, nilivua kandambili nikakuta damu imekauka kwenye soli. Nikageuza mguu kwenye mwanga wa taa. Chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kulia palikuwa na kipande cha sindano ya cherehani, kimezama karibu chote. Sijui kiliingia saa ngapi. Mimi ni fundi nguo, nashonea hapa Majengo, Moshi, na mguu huo ndio unaokanyaga pedali kutwa. Siku hiyo nilikuwa nimeshona tangu asubuhi, nimekwenda Mbuyuni kununua uzi na zipu, nimerudi kwa miguu, nimepika, na sindano imo ndani ya nyama. Sikusikia chochote.

Nilikuwa na miaka tisa ya kuishi na sukari. Nilidhani naijua.

Nilikaa na kidonda kile siku kumi na moja kabla ya kufika hospitali, na nitaeleza kwa nini, maana najua wengi wanakaa kwa sababu zinazofanana na zangu. Ya kwanza ni kazi. Novemba na Desemba kwa fundi wa Moshi si miezi ya kuugua. Watu wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi kula Krismasi, kila familia inataka vitenge vya kufanana, halafu sare za shule za Januari ziko mlangoni. Nilikuwa nimeshapokea pesa za utangulizi za watu, na nyingine nimeshazila. Nikachomoa sindano kwa koleo, nikapaka spiriti, nikaendelea kushona.

Siku ya nne kidole kikavimba. Nikaloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, kama tulivyolelewa. Mguu usiosikia sindano hausikii hata maji yanayounguza, na asubuhi nikaamka na malengelenge unyayo mzima. Nikaenda zahanati moja ya karibu. Wakaosha juu juu, wakafunga bandeji nyeupe nzuri, wakanipa vidonge, wakasema nirudi baada ya wiki. Bandeji ile ilinifariji kweli. Ilinifanya nijione nimetibiwa, kumbe chini yake mambo yalikuwa yanaendelea.

Lakini kazi haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa baba.

Baba yetu, mzee wa Uru, alikatwa mguu mwaka 1998. Walianza na kidole gumba. Baada ya wiki chache wakakata chini ya goti. Kisha paja. Mara tatu ndani ya miezi mitano, na wiki mbili baada ya ile ya tatu tukamzika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo kwenye fomu ya kukubali upasuaji aliweka dole gumba. Mara zote tatu ni yeye aliyeweka. Tangu hapo, neno la nyumbani kwetu likawa moja: mwenye sukari haguswi na kisu, kisu kikimgusa mara moja kitamfuata hadi kiunoni. Watu wanaweza kuiita imani potofu, na mimi leo najua ina kasoro, ila kwetu haikuwa habari ya kusimuliwa. Tuliiona ikipanda kwenye mguu wa baba, hatua kwa hatua.

Ndiyo maana siku ya kumi na moja, nikitetemeka kwa homa, bado nilikuwa namwambia mwanangu aniletee dawa tu. Mwanangu anasomea uafisa tabibu, alikuwa amekuja likizo. Alisema harufu aliisikia akiwa bado mlangoni. Hakubishana nami. Aliita bajaji.

Sukari ilisoma 24.6. Nikalazwa mapokezi, dripu kila mkono, na jioni akaja daktari wa upasuaji, dada ambaye ningeweza kumzaa. Akafungua ile bandeji, akabonyeza unyayo taratibu kuelekea kidoleni, na usaha ukatoka mahali ambapo mimi sikujua pana tundu. Akasema, "Mama, leo usiku tunakupeleka thieta."

Kaka yangu mkubwa yuko Arusha. Alipigiwa simu, akawekwa kwenye spika, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshaona haya: "Daktari, shikamoo kazi yako naiheshimu, lakini sukari yake ni ishirini na nne. Subirini kwanza ishuke, ndipo mpasue. Mkipasua hivi, hatapona."

Jibu la daktari yule ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema: "Kaka, kama ningekuwa namtoa mtoto wa jicho, ningesubiri. Huu ni usaha. Sukari imepanda kwa sababu usaha upo. Mwili ukipigana na maambukizi unamwaga homoni zinazopandisha sukari na kuifanya insulini isifanye kazi vizuri. Nikimchoma insulini wiki nzima bila kutoa usaha, sukari haitatulia, na katika wiki hiyo usaha utakuwa umefuata mishipa ya nyama hadi kisigino. Tutaishusha kiasi kwa saa chache, na iliyobaki itashuka baada ya kusafisha."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Kwetu sote sukari ilikuwa kama mlinzi wa geti: mpaka yeye aruhusu ndipo kisu kiingie. Kumbe kuna upasuaji unaongoja sukari, na kuna upasuaji ambao sukari yenyewe inaungoja. Kuchanganya hivi viwili kumewapotezea watu miguu, na naamini kumewapotezea wengine maisha.

Nikamwambia habari za baba. Nilimwambia yote, hadi dole la mama. Alivuta kiti, akakaa, na usiku ule wodi ilikuwa imejaa, alikuwa na wengi wa kuwaona. Akaweka vidole viwili juu ya mguu wangu, katikati ya kifundo na vidole, akasikiliza. Kisha akachukua kidole changu mwenyewe akakiweka pale. Palikuwa na mapigo. Madogo, ya haraka kwa sababu ya homa, lakini yapo.

Akaeleza kwamba sukari huharibu mguu kwa njia mbili. Inaua mishipa ya fahamu, mtu asisikie sindano wala maji ya moto. Na inaziba mishipa ya damu, mguu ukose damu. Wapo wenye moja, wapo wenye zote mbili, na ni vitu tofauti kabisa mbele ya kisu. Mguu usiosikia lakini wenye damu ukisafishwa, unapona. Mguu usio na damu ukikatwa kidole, kile kidonda cha kukata nacho hakina cha kukilisha, kinaoza, na kisu kinapanda. Kwa hiyo kabla ya kukata lazima mtu apime damu inafika wapi: kwa kidole, kwa kipimo cha presha ya kifundo cha mguu kikilinganishwa na cha mkono, au kwa kile kimashine cha dopla kinachotoa sauti ya damu ikipita. Mishipa ikiwa imeziba, wapo madaktari wanaoweza kuifungua kwa kiputo kinachopulizwa ndani ya mshipa, au kuunganisha mshipa mwingine upitishe damu kando. Alisema wazi kwamba huduma hiyo haiko kila hospitali.

"Mguu wa baba yako sikuuona," akasema, "siwezi kuuhukumu. Lakini kisu hakimfuati mtu. Kinachopanda ni kukosa damu, au maambukizi yaliyoachwa yakatangulia."

Nilitia sahihi saa tatu usiku.

Walinichoma ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho. Nilisikia wakisema "hapa tena" na "maji," na maji yakimiminika kwenye beseni. Haikuchukua muda mrefu kama nilivyodhani. Asubuhi nilipoona mguu nilishtuka: walikuwa wameuacha wazi, unyayo umepasuliwa kama mfuko ambao haujashonwa, ndani mmejazwa shashi. Mimi fundi, nikauliza kwa nini hamkushona. Nesi, mama mtu mzima mwenye mikono ya upole, akaniambia wakishona usaha ulipokuwa, wanaufungia ndani. Kidonda cha namna hiyo kinapona kutokea chini kwenda juu.

Na sukari? Siku ya pili jioni ilisoma 13. Siku ya tatu asubuhi 9.8. Nilimpigia kaka nikamsomea namba tu, sikuongeza neno.

Siku hiyo ya tatu ikaja habari mbaya. Eksrei ilionyesha mfupa wa kidole cha mwisho umeliwa. Ule usaha ulikuwa umeingia mfupani, na dawa peke yake haingeutoa. Lazima kidole kitoke, pamoja na kipande cha mfupa nyuma yake. Usiku ule sikulala. Nilijiambia, imeanza. Hii ni ya pili. Nilihesabu miezi mitano kutoka pale nilipolala, nikaona inaangukia Aprili. Nilimtumia mwanangu ujumbe nikamwandikia ni wateja gani wanaonidai na kitambaa cha nani kiko kabati gani. Kila aliyewahi kulala wodi ya upasuaji anajua usiku wa namna hiyo, na wanaotuuguza wajue kwamba mgonjwa aliyenyamaza hajatulia, anahesabu.

Kesho yake nikarudi thieta. Upasuaji huu wa pili ulikuwa na utaratibu zaidi. Niliambiwa nisile tangu usiku, na kwa sababu nina sukari nikawekwa wa kwanza kwenye orodha, nisikae na njaa hadi mchana. Kidonge changu cha sukari, metformini, hawakunipa asubuhi hiyo. Nilitundikiwa maji yenye glukosi na insulini, wakanipima kila saa. Kama wewe una sukari na unakwenda kupasuliwa chochote, hata ngiri, uliza mapema dawa ipi uache na lini, na useme unatumia nini. Usimeze vidonge vyako kimya kimya asubuhi ukaenda na tumbo tupu. Jirani yangu wa kitanda alifanya hivyo, sukari ikashuka hadi akapoteza fahamu kabla hata hajafika thieta, na upasuaji ukaahirishwa.

Kidole kikaondoka. Walifanya kipimo cha mfupa uliobaki kuona kama ni mzima. Wiki tatu baadaye, nyama nyekundu ilipokuwa imejaa vizuri, wakachukua ngozi nyembamba kutoka pajani wakaipandikiza pale palipobaki wazi. Huo ulikuwa wa tatu. Mara tatu, kama baba. Tofauti niliiona mwenyewe: kila mara walijua kwa nini wanarudi, na kila mara walikuwa wanarudi palepale, hawakupanda.

Paja ndilo liliuma kuliko yote. Mguu wenyewe, nilishasema, hausikii.

Mle wodini nilikaa wiki tano, na niliyoyaona kwa wenzangu yalinifundisha kama yangu. Palikuwa na mzee wa Rombo, mguu ulikuwa mweusi hadi kifundoni, mkavu kama ngozi ya ngoma. Alikuwa ametibiwa kwa majani miezi miwili. Kwake dopla haikutoa sauti yoyote chini ya goti. Akakatwa juu ya goti, moja kwa moja, na watoto wake walilia wakisema kwa nini hawaanzi na kidole. Nilitamani niinuke kitandani niwaeleze. Kuanza na kidole ndiko kulikompata baba. Kwa mzee yule daktari alikuwa anamhurumia kwa kukata juu, mahali penye damu, mara moja. Alipona kidonda, na nilimwona akitoka kwa magongo siku mbili kabla yangu.

Palikuwa pia na mama wa Hai ambaye figo zilikuwa zimechoka. Yeye alifanyiwa upasuaji mdogo wa mkononi, mshipa wa ateri ukaunganishwa na wa vena ili uwe mnene wa kutosha kwa sindano za mashine ya kusafisha damu. Alikuwa anaongelea kupandikizwa figo ya dada yake. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, kwa hiyo kwake hilo halikuwa tena la kupanda ndege kwenda India. Sijui aliishia wapi. Namwombea.

Gharama nazipitia haraka. Nilikuwa na bima, ikabeba sehemu kubwa. Wenzangu wasiokuwa nayo waliuza mbuzi, ng'ombe, mmoja aliuza migomba ikiwa bado imesimama.

Nilipotoka, wakaniambia mguu uliopona ndio ulio hatarini zaidi, maana uzito sasa unakaa vibaya. Nikapelekwa karakana ya viatu na viungo bandia pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi. Kile chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hapo, TATCOT, kimekuwepo tangu 1981, na nilikuwa nimepita mbele yake miaka yote bila kujua kinafanya nini. Wakachukua umbo la unyayo wangu wakanitengenezea soli laini lenye nafasi pale kidole kilipokuwa. Mimi nashona nguo kwa vipimo vya mwili wa mtu, kwa hiyo nilielewa kazi yao mara moja. Kandambili nimezitoa ndani ya nyumba. Cherehani nimeifunga mota, mguu wa kulia haukanyagi tena. Na kila usiku naangalia nyayo zangu kwa kioo kidogo, na viatu navikung'uta kabla ya kuvaa.

Kwenye kliniki ya sukari sasa wananigusa nyayo kwa uzi wa nailoni, mgumu kama wa kuvulia samaki, mimi nikiwa nimefumba macho. Niseme nikisikia. Katika sehemu kumi nilisikia tatu. Ni kipimo cha dakika mbili. Miaka tisa niliyokuwa nahudhuria kliniki hakuna aliyewahi kunifanyia, na mimi sikujua kuomba. Omba.

Mwaka 2021 kisu kikanirudia mara nyingine, safari hii jichoni. Nilishona sketi za shule za buluu kwa uzi mweusi, jozi nzima, mteja akanirudishia. Mimi niliona uzi ule ni wa buluu kabisa. Idara ya macho ya KCMC wakanitia matone ya kupanua mboni, wakakuta mtoto wa jicho macho yote mawili, na nyuma, kwenye pazia la jicho, vidoa vya damu vya sukari. Hapa ndipo nilipokumbuka maneno ya yule daktari wa mguu. Huu ulikuwa upasuaji wa kusubiri. Walisema kutoa mtoto wa jicho wakati pazia la nyuma linavuja kunaweza kulizidisha, kwa hiyo walianza na mwanga wa leza kutibu pazia, miezi ikapita, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikashuka kutoka asilimia 10.4 hadi 7.6, ndipo wakanipangia siku. Siku yenyewe presha ikawa juu wakanirudisha nyumbani, nikaja tena wiki iliyofuata. Sikununa. Nilikuwa nimeshajua kutofautisha.

Jicho lenyewe lilichukua chini ya nusu saa. Ganzi pembeni ya jicho, lenzi iliyochafuka ikatoka, ya bandia ikaingia. Asubuhi walipofungua, kitu cha kwanza nilichoona ni kanga ya nesi, njano. Nilikuwa nimesahau njano.

Baada ya hapo ndugu wakaanza kunipigia mimi kila wanapotajiwa upasuaji. Mdogo wangu wa Kijenge, Arusha, alinipigia 2023. Ana miaka arobaini na moja, ana sukari miaka sita, kilo 118 kwa urefu wa mita 1.60. "Dada," akasema, "nimesikia kuna upasuaji wa tumbo unaoponya sukari yenyewe. Ni kweli au ni wezi?"

Nilimwambia sijui, twende tukaulize. Nilipanda basi nikamfuata, tukaenda wote kwa daktari bingwa, na mwanangu akatusaidia kusoma yale tuliyoelekezwa. Ni kweli, ila ukweli wake una masharti. Chimbuko lake ni la ajabu: daktari wa upasuaji wa Marekani, Walter Pories wa North Carolina, alikuwa anapasua watu wanene ili wapungue. Mwaka 1995 akaandika kuhusu wagonjwa 608 aliowafuatilia kwa miaka hadi kumi na minne. Kati yao 146 walikuwa na sukari ya aina ya pili, na 121 sukari yao ilirudi kawaida. Tena ilishuka siku chache baada ya upasuaji, kabla uzito haujaondoka. Ina maana utumbo wenyewe unahusika na sukari, si mafuta peke yake.

Njia kubwa ni mbili. Moja wanakata robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi wanaitoa, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Nyingine wanatengeneza kifuko kidogo cha juu, kama yai, wanakiunganisha na utumbo mbele zaidi ili chakula kipite njia ya mkato. Hii ya pili inashusha sukari zaidi na ni kazi kubwa zaidi. Anayefaa ni mwenye uzito uliozidi sana. Ukigawanya kilo kwa urefu wa mita, jibu ukaligawanya tena kwa urefu huohuo, ukapata thelathini na tano au zaidi, unafikiriwa. Thelathini kwenda juu kama sukari imekataa kutii dawa. Mdogo wangu anatoa arobaini na sita. Kwa sukari ya aina ya kwanza, ya kongosho lisilotoa insulini, upasuaji huu hauiponyi. Na kule Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaweka puto tumboni kwa kulipitisha mdomoni. Hilo halikati kitu, na baada ya miezi hutolewa.

Daktari hakumficha upande wa pili. Vitamini na madini ya chuma maisha yote. Dawa za sukari kupunguzwa mara moja baada ya upasuaji, la sivyo inashuka mno. Na sukari inaweza kurudi. Utafiti wa Philip Schauer kule Cleveland, wa watu 150, matokeo ya miaka mitano yalitoka 2017: waliobaki na kipimo cha miezi mitatu cha 6 au chini walikuwa asilimia 29 kwa waliofanyiwa njia ya mkato, 23 kwa waliokatwa tumbo, na 5 kwa waliotumia dawa peke yake. Mdogo wangu alizitazama namba hizo muda mrefu. Mimi niliziona kubwa, yeye aliziona ndogo. Alikuwa ametegemea kusikia mia. Nikamwambia kwamba mimi nisingemsukuma wala kumzuia, ila huu ni upasuaji wa kusubiri, ana muda wa kufikiri, tofauti na mimi usiku ule. Bado hajaamua. Amepungua kilo tisa akijiandaa, na kliniki anakwenda.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki. Mama.

Mama yuko Uru, umri umepita themanini. Miaka yote hiyo alijua niliugua mguu, lakini hakuwahi kuuona. Nilikuwa napanda kumsalimia nimevaa soksi. Pasaka ya mwaka 2024 tulikuwa wawili jikoni, mtori wa ndizi uko motoni, akaniambia, "Vua hiyo soksi."

Nikavua. Akaangalia pale kidole kisipokuwepo, na ile ngozi ya pajani iliyong'aa. Akauliza wamenikata mara ngapi. Nikamwambia tatu. Akanyamaza, kisha akasema bila kunitazama, "Baba yenu mimi ndiye niliyemtilia dole. Mara tatu. La kwanza nilikataa siku tisa, wakanisihi, nikatia. Nimekuwa nikisema, ningekataa hadi mwisho."

Siku tisa. Hilo hatukuwahi kuambiwa.

Nilijaribu kumweleza kama nilivyoelezwa. Kwamba baba pengine mguu wake haukuwa na damu. Kwamba alifika tukiwa tumeshachelewa, sisi sote, na watoto wakubwa tulikuwepo. Kwamba dole lake halikumuua baba. Maneno yalikuwa mengi na mama amechoka, nikaona hayafiki. Basi nikachukua mkono wake, nikakiweka kidole gumba chake juu ya mguu wangu, pale daktari alipokiweka changu, nikamwambia abonyeze kidogo angoje.

Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Ipo," akasema. "Inapiga."

Hakukiondoa kidole. Mtori ukaanza kushika chini ya sufuria, tukaunusa wote wawili, hakuna aliyeinuka.